Nilivyopata urefu wa nywele unaonikaa baada ya miaka 60

Swali la nywele ukubwani huulizwa vibaya. Watu huuliza: nikate au niache? Kwangu mambo yalinyooka nilipoligeuza nikauliza: ziishie wapi? Jicho la anayekutazama hukimbilia pale nywele zinapokoma, kama linavyofuata pindo la nguo. Zikikomea kwenye taya lililolegea, umelipigia mstari. Zikikomea sentimita mbili au tatu juu yake, jicho linabaki shavuni. Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi nilishika rula.

Nywele zangu ni za kipilipili na karibu nusu yake ni mvi, ndiyo maana nitakaa sana kwenye aina hiyo. Wenye nywele za singa nitawafikia mbele.

Kipilipili kina urefu wa namna mbili: kikivutwa, na kikijikunja chenyewe. Unaoonekana na watu ni huo wa pili. Nilipima mahali pane: juu ya paji la uso, utosini, panjani na kisogoni. Nywele ziwe zimeoshwa siku hiyo, zimekauka kabisa, hazina mafuta mazito. Shika nywele chache, zivute mpaka zinyooke bila kuuma, pima kutoka ngozini hadi nchani. Ziachie, pima tena. Utosini nilipata sentimita 17 zikivutwa na 6 zikiachwa. Panjani 11 na 5, kisogoni 18 na 9. Yaani utosini karibu theluthi mbili ya urefu inamezwa na mikunjo, na kisogoni ni nusu tu.

Vipimo hivyo vinaeleza kwa nini watu wengi hutoka saluni wakipendeza, kisha wakiosha nywele wanaanza kulia. Fundi akizinyoosha kwa moto akazikata zote sawa, maji yakigusa tu utosi unabonyea na kisogo kinaning'inia. Kipilipili kikatwe kikiwa kikavu, kimejikunja vilevile kitakavyovaliwa. Na hesabu ya kosa ni ghali. Kwangu, kuondoa sentimita 2 za kuonekana utosini ni kukata karibu sentimita 6 za unywele wenyewe. Kipilipili kwa kawaida hukua taratibu, takriban sentimita 0.8 kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 2 nilizokata kwa pupa zitarudi baada ya miezi saba hivi. Singa hukua haraka kidogo, sentimita 1 hadi 1.25 kwa mwezi.

Baada ya nywele nikageukia uso. Umri hubadilisha mahali pa kuangaliwa: mashavu hupungua nyama, panja hubonyea, ngozi ya taya na shingo hulegea, na ndewe hurefuka, hasa zilizobeba hereni nzito. Picha ya kujipiga kwa mkono haifai kwa kazi hii, kwa sababu kamera ikiwa karibu pua hukua na masikio hujificha nyuma. Niliweka simu mita 2 kutoka niliposimama, usawa wa macho, dirisha likiwa mbele yangu, nywele zimebanwa zote nyuma. Picha tatu: mbele, ubavu, nyuma. Hiyo ya nyuma msiiruke. Wewe huioni, wenzako ndio wanaoitazama.

Kisha nikachora kwa kidole juu ya zile picha, maana simu nyingi zina sehemu ya kuchorea. Nilichora maumbo manne: la kukaribia kunyoa, la duara fupi, la kufikia ndewe, na la kufikia mabega. Ni mchoro wa kitoto, lakini unasema kweli. Umbo la kufikia ndewe, ambalo ndilo nililokuwa nimelivaa, lilirundika wingi wote pembeni, usawa wa masikio, na uso ukaonekana umeteremka. Duara fupi lenye mwinuko utosini liliuinua. Mwenye uso mrefu na mwembamba atapata matokeo kinyume: mwinuko utamrefusha zaidi, na wingi kidogo wa pembeni utamsaidia.

Mafundi wana kipimo kingine, cha sentimita 5.7. Laza penseli chini ya kidevu, simamisha rula wima kutoka kwenye ndewe, usome zinapokutana. Chini ya 5.7 unaambiwa nywele fupi zitakukaa, zaidi ya hapo uache ndefu. Nakiheshimu kwa sababu kinasoma mfupa wa taya, lakini kwa mtu mzima kina mtego: ndewe iliyorefuka hupunguza kipimo na kukupa jibu la uongo. Pima kutoka pale ndewe inaposhikana na shavu, usianzie kwenye ncha yake. Na hata ukipima sawasawa, rula haijui nywele zako zimebaki nyingi kiasi gani, wala mikono yako inachoka upesi kiasi gani. Kwangu hayo mawili ndiyo yaliyoamua.

Nianze na wingi. Kadiri umri unavyosonga, unywele hukua kwa muda mfupi zaidi kabla ya kudondoka, na wengi wetu huota mwembamba zaidi, hasa baada ya hedhi kukoma. Matokeo yake kuna urefu ambao nywele zako haziwezi tena kuubeba. Ngozi ya kichwa nayo ina kauli yake. Mvi juu ya ngozi nyeupe huficha uchache, kwa sababu rangi zinakaribiana. Mvi juu ya ngozi nyeusi huuonyesha, na kila uwazi unasomeka. Nilisimama chini ya taa nikapiga picha ya utosi nywele zikiwa za sentimita 6, nikaona ngozi katikati ya mafungu tu, jambo linalovumilika. Panjani hali ilikuwa nyingine: miaka ya kusuka rasta za kubana ilikuwa imeacha ukanda wa sentimita 2 wenye nywele za kuhesabika.

Hapo wengi hufanya lililo rahisi, huacha nywele za juu ziangukie panja. Upepo ukipita siri imetoka. Mimi nilichagua kuzifupisha panja hadi sentimita 1. Nywele chache zikiwa ndefu huonekana kama nyuzi. Zikiwa fupi huonekana kama ukingo uliofifia wenyewe. Tena nywele za sentimita 1 hazisukiki, kwa hiyo mvuto ulioziua unakoma kwa lazima. Ila ukikuta utosini kipande laini kinachong'aa, pasipo hata vitundu vya nywele, au panawasha na kuuma, usianze na kinyozi. Nenda kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu kovu likishaziba kinyweleo nywele hazioti tena. Zinazodondoka kwa wingi kichwa kizima nazo zinastahili kipimo cha damu, kwani upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo hufanya hivyo.

Mikono niliipima kwa saa. Nilichana kichwa kizima kwa chanuo la meno mapana, nywele zikiwa na maji na kilainisho, mafungu manane, nikiandika dakika. Nywele za sentimita 17 za kuvutwa zilinichukua dakika 50, na bega la kulia lilianza kulalamika kwenye dakika ya 12. Zilipobaki 13 kazi ilishuka hadi dakika 20. Mtu akiona bega linauma huacha kuchana, nywele zinafungana, na akija kuzichana kwa nguvu zinakatika. Basi urefu usiozidi uwezo wa bega ni sehemu ya kupendeza, hata kama hakuna anayeutaja saluni.

Vipimo nilivyoamua vikawa hivi: utosini sentimita 4.5 za kuonekana, juu ya paji 4, panjani 1 ikipanda taratibu hadi 3 juu ya sikio, na kisogoni kuanzia milimita 10 chini hadi sentimita 4 zinapokutana na utosi. Nilikwenda navyo kwenye karatasi. Neno "kidogo" lina hatari kwenye kiti cha kinyozi. "Nipunguzie kidogo" ya kwako ni sentimita 1, ya kwake ni 5. Mwonyeshe kwa vidole kitakachobaki, siyo kitakachoondoka, na umwombe akate fungu moja la utosini kwanza, aliachie lijikunje, mlitazame wote wawili ndipo aendelee.

Nywele za juu zikatwe kwa mkasi wa nywele pekee. Mkasi uliokwisha kukata karatasi na vitambaa huutafuna unywele badala ya kuukata, na ncha hupasuka baada ya wiki chache. Sehemu za chini zilikwenda kwa mashine, na hapa ujue namba za vichana vyake: kwa mashine nyingi namba 1 huacha milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10, namba 4 milimita 13, na namba 8 milimita 25. Anza na kichana kirefu ushuke. Aliyeanza na namba 2 hana pa kurudi. Angalia pia kama wenzo wa pembeni umefunguliwa au umefungwa, kwa sababu huongeza au kupunguza milimita moja hivi hata kichana kikiwa kilekile.

Nilikataa mambo mawili. La kwanza ni kuchongwa mstari wa mbele kwa wembe. Kwa kijana unapendeza, lakini kwetu husukuma paji nyuma zaidi, na siku ya tatu vishina vya mvi vinatokeza kama vumbi. La pili ni mstari wa moja kwa moja shingoni. Shingo yenye mikunjo ikipigiwa mstari, mikunjo ndiyo inayohesabiwa. Ififizwe: namba 1 pembezoni, namba 2 juu yake, kisha namba 3.

Miwani ilinishangaza. Mikono ya miwani hupita panjani, na nywele za sentimita 3 na zaidi mahali hapo husukumwa nje zikawa kama mbawa. Nendeni kukata nywele na miwani mkononi, ivaliwe kila baada ya hatua. Mwenye kifaa cha kusaidia kusikia nyuma ya sikio aamue mapema: ama nywele zikifunike kabisa, ama ziondolewe kabisa. Zinazokigusagusa huleta mchakacho masikioni.

Sasa singa. Wenye singa nyembamba hudanganywa na ngazi, yaani ule mkato wa tabaka za urefu tofauti. Ngazi nyingi hupunguza wingi nchani mpaka unaona ukuta kupitia nywele. Ncha zilizokatwa sawasawa huonekana nzito zaidi. Urefu wa kugusa mabega una kero yake: nywele hugonga bega na kupinduka nje, hata uzipange vipi. Zipandishe sentimita 3 juu ya bega au zishushe hadi kwenye mtulinga. Nywele za kuangukia paji zikatwe zikiwa kavu au ziachwe ndefu kwa sentimita 1 hadi 2, kwa sababu zikikauka hupanda.

Wenye dawa ya kunyoosha wanaotaka kurudi kwenye asili wana mpaka mmoja wa kuangalia: pale nywele mpya zinapokutana na za dawa. Hapo ndipo zinapokatika. Ukiacha dawa huku ukitaka kubaki na urefu, kata sentimita 1 au 2 za nchani kila wiki sita, na usichane kavu. Mimi nisingesubiri. Nywele mpya zikifika sentimita 5 za kuvutwa, kichwa kinatosha kukatwa kikapata umbo.

Umbo la nywele fupi haliishi muda mrefu. Kwangu shingo na panja hupoteza mpangilio baada ya wiki nne, utosi baada ya wiki nane. Kwa hiyo wiki ya nne napitisha mashine chini tu, na wiki ya nane naenda kukatwa kote. Mvi ni kavu kwa sababu mafuta ya ngozi yamepungua. Nanyunyizia maji kwanza, kisha mafuta kiasi cha matone matano viganjani, nayasambaza kuanzia nchani. Zaidi ya hapo mvi hugeuka manjano, na utosi unalala, ule mwinuko wa sentimita 4.5 nilioupimia kwa rula ukabaki 3.