Kikwembe kwenye mizani

Kila mwaka wanafunzi wakifika staji ya materinite, wodi ya kuzalishia, kuna mmoja ataniuliza: "Docta, wewe utafiti ulikuanza wapi?" Wanategemea nitawapa habari za Brussels, za shahada, za makala ya kwanza. Mimi huwapa habari ya kikwembe, yaani kitenge, cha kijani chenye maua ya njano.

Ilikuwa 2008. Nilikuwa daktari mchanga kwenye hospitali moja ya vilimani, mbali na Bukavu, mashariki mwa Kongo, njia ambayo mvua ikinyesha hata motari wa pikipiki anaikataa. Walimleta mama kwa kipoyi, machela ya kubebwa begani, vijana wanne wakipokezana tangu mchana. Ilikuwa mimba ya sita. Alijifungua saa nne za usiku, mtoto wa kike, akalia vizuri. Akushezi, yaani mkunga, akainua taa, akatazama kikwembe chini ya mama; nami nikatazama. Tukakubaliana kwamba ni damu ya kawaida. Kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, niliandika kwa mkono wangu: "damu, kiasi".

Saa saba mikono yake ilikuwa baridi, mapigo yanakimbia, anasema haoni vizuri. Tulichoma oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, tulilikanda tumbo hilo, tuliweka serumu, maji ya mshipani, ya mwisho iliyokuwepo. Damu ya kumwongezea haikuwepo. Kabla ya alfajiri alikuwa ameshatuacha. Shemeji yake hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Docta, si mlikuwa mnamwangalia?"

Tulikuwa tunamwangalia. Hatukulala, hatukumdharau, hatukumdai pesa kwanza. Tulimwangalia kwa macho, na macho yalitudanganya. Kitambaa cha pamba hunywa damu kimyakimya, na rangi iliyokoza inaificha. Sehemu nyingine inashuka kwenye godoro, nyingine inabaki ndani ya tumbo la uzazi lililolegea. Na uzoefu hausaidii vile tunavyodhani, kwa sababu damu ikizidi kuwa nyingi ndipo jicho linapozidi kuipunguza, hata jicho la mtu aliyezalisha maelfu.

Nilirudi Bukavu na swali hilo. Sikujua kama linaitwa utafiti. Nilinunua mizani ndogo ya betri sokoni Kadutu, ya kupimia unga, nikaanza kupima vikwembe. Kila mama huja na vyake, kwa hiyo kila kimoja lazima kipimwe kikiwa kikavu kwanza. Mtoto akishatoka unaondoa kile cha chini chenye maji ya uzazi, unaweka kingine, kwa sababu ukichanganya maji na damu umeharibu hesabu. Kisha unapima tena. Gramu moja ni karibu mililita moja. Mara ya kwanza akushezi wetu mkubwa, ambaye sote tulimwita Mama, alikisia mililita 250. Mizani ilisoma gramu 910. Kikavu kilikuwa 290. Mililita 620. Alikitazama kile kitambaa kwenye beseni muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe tumekuwa tukiwaacha hivi hivi." Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, mwanafunzi aliyesahau kupima kikavu alikuwa anakiona cha moto.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Ubelgiji, nilikuwa tayari na madaftari mawili. Nitapita haraka hapo, ilikuwa baridi na takwimu. Kilichonishangaza ni mwalimu wangu kutouliza lolote kuhusu matokeo yangu siku ya kwanza. Aliuliza nani alipima, saa ngapi, na mizani ilijaribiwa kwa kitu gani. Nikamwambia: kwa pakiti ya sukari ya kilo moja, kila Jumatatu. Akaandika hilo.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanyika kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Chini ya mama waliweka mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia, na damu ikifika kiwango cha hatari, matibabu yote yanaanza kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu isimame), serumu, na kumchunguza mama kutafuta chanzo. Kuvuja damu kukali, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, na vifo vyake, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Na kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wao wa kawaida, karibu nusu ya waliovuja damu hawakugunduliwa. Niliisoma ile makala usiku kwa mwanga wa simu, umeme ulikuwa umekatika. Nilifurahi na nililia pia. Dawa zile, sehemu kubwa, tulikuwa nazo 2008. Kilichokosekana ni mstari kwenye plastiki.

Kupima ni pamoja na kuuliza vizuri. Katika uchunguzi wetu wa nyumba kwa nyumba, fomu ilikuja kwa Kifaransa na mtu akaitafsiri harakaharaka: "Mama, una watoto wangapi?" Akina mama wa Kabare wakajibu wanne, watano. Nilikaa na bibi mmoja mlangoni kwake, anamenya mihogo, naye akajibu watano. Nikauliza kwa njia nyingine, umezaa mara ngapi, nikamwachia muda. Kisu kilisimama. "Mara tisa." Wanne wote hao hawakuwa kwenye fomu yetu. Tulirudia nyumba zote, kwa Mashi, lugha ya pale, safari hii, na nikagombana na aliyeshika bajeti.

Ndiyo maana nawapenda watu wa fishi. Pale Lwiro, njia ya Kavumu, kuna hospitali ya watoto iliyotibu bwaki, utapiamlo mkali, miaka mingi. Vita vilipita, watu wakakimbia na kurudi, ila fishi za watoto waliotibiwa kati ya 1988 na 2007 zilibaki. Watafiti wa hapa kwetu pamoja na wenzao wa Ubelgiji wakazichukua, wakaenda kuwatafuta wale watoto vijijini. Wakawapata 524, wakiwa watu wazima wa miaka kama 22, wakawalinganisha na wenzao 407 wa jamii ileile ambao hawakuugua. Wale waliougua walionekana wamebaki nyuma shuleni na kwenye vipimo vya akili, na wanajithamini kidogo kuliko wenzao. Kabla ya hapo tulikuwa tunamruhusu mtoto aende nyumbani akishapata uzito, tunaandika "amepona", tunafunga fishi. Huwa nafikiria yule muuguzi ambaye jina lake halitawekwa kwenye makala yoyote, aliyeandika kijiji na jina la baba kwa herufi zinazosomeka, milio ya risasi ikiwa karibu.

Kuna jambo bado linanichoma. Nimefanya kazi na mradi mmoja wa wageni, sitautaja. Tulikusanya damu, vipimo na majibu kwa miezi 14. Makala ilipotoka, akushezi waliopima hawakutajwa hata kwenye shukrani, na matokeo hayakurudi kijijini. Sasa sisaini kitu kabla hatujaandikiana nani atarudi kwa akina mama, lini, na kwa lugha gani.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulipata vifo 846 vya akina mama kwa ajili ya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa 2023 Umoja wa Mataifa unakadiria karibu wanawake 19,000 waliokufa kwa ajili ya uzazi nchini kwetu. Unakadiria, kwa sababu wengi hawakuandikwa popote. Kila nikiona tarakimu hiyo naona fishi yangu: "damu, kiasi". Nami nilikuwa na kalamu.

Mwaka 2025, tangu Februari, benki za Bukavu zilifungwa kwa sababu ya vita, na vijana wangu wa kukusanya takwimu niliwalipa kwa simu, mara nyingi kwa kuchelewa. Bado walipima. Usiku mmoja, mmoja wao aliyekuwa kituo cha afya kule kisiwa cha Idjwi alinitumia ujumbe: "Shikamoo Docta. Kikavu 300, kilicholowa 880. Tumeanza yote kwa pamoja." Mia tano themanini. Nikampigia, nikamuuliza saa ya oksitosini na saa ya serumu. Nyuma yake nilisikia mtoto analia na mwanamke anaomba maji ya kunywa. "Ndiye yeye?" nikauliza. Akasema ndiye. Nikaandika saa zote mbili kwenye daftari.