Nilivyoziba pengo la karo kwenye ufadhili wa mbio Marekani

Kocha akikuandikia "nitakupa ufadhili", muulize ni dola ngapi na zinalipia nini. Nilikimbia katika chuo kidogo cha Divisheni ya Pili ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kule majimbo ya kati-magharibi ya Marekani, na ufadhili kamili kutoka kwa kocha peke yake ni nadra huko. Kikomo cha chuo cha ngazi hiyo ni jumla ya ufadhili kamili 12.6 kwa wanaume wa riadha na mbio za nyika kwa pamoja, na 12.6 kwa wanawake. Warusha mkuki, warukaji na wa mita 100 wote wanakula humo humo, na vyuo vingi bajeti yao haifiki hata kikomo hicho. Kocha hana budi kukatakata vipande. Divisheni ya Tatu haina kabisa pesa za michezo, hata kwa miamba wa nyika kama North Central College ya Naperville, Illinois. Huko msaada hutolewa kwa alama za darasani au kwa hali ya kifedha ya familia.

Kwa hiyo nilianzia kwenye alama. Pesa za masomo hutegemea wastani wako kwa mizani ya 4.0, na cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hakisomeki hivyo mpaka kitathminiwe. Uliza chuo kinakubali kampuni gani ya tathmini kabla ya kulipa, kisha uombe KNEC, baraza la mitihani la Kenya, uthibitisho wa matokeo mapema. Tathmini ikichelewa, kocha anapanga bajeti yake bila kujua kwamba ungeweza kumpunguzia mzigo.

Kwenye barua pepe kwa kocha niliweka muda wangu, tarehe na uwanja, kama saa ilikuwa ya mkono au ya umeme, na mwinuko wa mahali. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mita 1500 iliyokimbiwa huko si sawa na ya Indiana. Kocha makini ataikadiria upya, lakini lazima ajue. Taja pia mwaka uliomaliza shule na mashindano yote uliyokimbia tangu hapo, kwa sababu kukaa nje ukishindana kunaweza kukupunguzia misimu ya kushindana chuoni.

Hesabu yenyewe iko hivi. Tuseme gharama ya mwaka ni dola 30,000 na kocha anatoa 12,000. Alama zikileta 7,000, na chuo cha serikali kikikuondolea nyongeza ya karo wanayotozwa wasio wakazi wa jimbo, tuseme 6,000, linabaki pengo la 5,000. Hilo ndilo utakaloonyesha kwa taarifa ya benki ili chuo kikupe fomu ya I-20, unayoombea viza ya mwanafunzi. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ya dola 350 ni juu yako, na ya viza ni nyingine.

Nilidai mchanganuo kwa maandishi: karo, malazi, chakula, bima ya afya. Bima mara nyingi haimo, na vyuo vingi humlazimisha mwanafunzi wa kigeni kuwa nayo. Halafu kuna kodi, ambayo wengi hawaambiwi. Ufadhili unaolipia karo na vitabu vinavyotakiwa darasani hautozwi, ila sehemu ya malazi na chakula hukatwa asilimia 14 kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, na Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kukupunguzia. Malazi na chakula vikiwa dola 9,000, kodi ni 1,260, na chuo huweza kuiweka moja kwa moja kwenye bili yako. Deni hilo likikaa, unazuiwa kujiandikisha masomo ya muhula unaofuata. Ukiwa chini ya krediti 12 za masomo kwa muhula huruhusiwi kushindana, na viza yenyewe iko hatarini. Nililipa kwa kazi ya ndani ya chuo, ambayo muhula ukiendelea kikomo chake ni saa 20 kwa wiki.

Ufadhili wenyewe mara nyingi ni wa miezi ya masomo tu. Mabweni na mkahawa hufungwa Krismasi na kiangazi, kwa hiyo muulize kocha tangu Januari nani anabaki mjini Juni hadi Agosti, mgawane kodi ya nyumba.