Jumbo ya Aberdeen na kile kiti cha dhahabu

Sebuleni kwa mama mdogo, Temeke, juu ya TV kuna picha ya marehemu baba mdogo amekaa kwenye kiti kikubwa cha dhahabu kilichochongwa majoka, amevaa joho la njano kama mfalme wa Kichina wa zamani, na chini ya joho unaona raba zake nyeupe zinachungulia. Kila mgeni lazima aulize hii ilikua wapi na mama mdogo anajibu neno moja tu, Jumbo, yani ule mgahawa wa kuelea uliokua Hong Kong. Nimekua nikiiona hiyo picha, ndio maana leo naandika, sitaki watu wadhani ilikua studio tu ya kupigia picha.

Mi nilifika 2013, safari yangu ya kwanza ya kufuata mzigo Guangzhou, na mama mdogo ndio alinipeleka maana njia zile alishazijua zamani. Tulimaliza nguo tukapanda treni kwenda Hong Kong kuangalia simu pale Chungking Mansions, jengo ambalo wafanyabiashara wengi wa Kiafrika wanalijua, na siku ya mwisho mzigo umeshafungwa akaniambia, "Baba, vaa shati safi, leo hatuli wali wa boksi." Nikamuuliza mama mdogo hela si tumemaliza? Akasema hii niliiweka pembeni tangu Dar.

Tukapanda basi mpaka Aberdeen, upande wa kusini wa kisiwa. Ni bandari ndogo iliyojificha, boti za uvuvi zinakimbilia pale vimbunga vikija, yani ukishuka tu unasikia harufu ya samaki na dizeli kama uko Feri, na nyuma yake maghorofa marefu mno. Afu katikati ya maji ndio unaiona, jumba lenye mapaa ya kupinda yaliyopandana, nyekundu, kijani na dhahabu, taa kila kona mpaka maji yote yamegeuka rangi. Kulikua na boti ya bure ya kuvusha wateja. Mama mdogo alikaa mbele kabisa, mkoba mapajani, hakuongea neno mpaka tumefika.

Chakula kilianzia kwenye matangi, samaki wanaogelea na wewe unaonyesha kwa kidole. Mama mdogo alizunguka mara mbili ndio akachagua, akanielekeza kama tuko sokoni, angalia jicho, angalia anavyogeuka, yule amelala upande muache. Alichukua chewa wa kiasi, akaletwa mzima amepikwa kwa mvuke, juu tangawizi iliyokatwa nyembamba kama uzi na majani ya vitunguu, afu mhudumu akamwagia mafuta ya moto mbele yetu na soya, ile sauti ya chwaaa nadhani naisikia mpaka leo. Hakuna nazi wala ndimu wala pilipili, na nyama inaachia mfupa kwa kijiko tu. Mi nimezaliwa pwani, samaki nawajua, ila sijawahi kula samaki aliyeachwa awe samaki namna ile.

Ukumbi ulikua mkubwa mno na usiku ule meza nyingi hazikua na watu. Mi nilidhani tumewahi sana. Baadae ndio nikaja kusoma kwamba kuanzia 2013 hiyohiyo mgahawa haukupata faida tena.

Na historia yake jamani. Pale Aberdeen kulikua na watu wanaoishi kwenye mashua maisha yao yote, wanazaliwa humo, wanaolewa humo, na harusi walikua wanafanyia kwenye mashua kubwa za karamu, hiyo ndio asili ya migahawa ya kuelea. Tai Pak, mgahawa mwingine wa kuelea wa palepale, ilianza 1952. Jumbo yenyewe ilikaribia kufunguliwa mwaka 1971, tarehe 30 Oktoba ikashika moto kazi ya kuimalizia ikiwa bado inaendelea, watu 34 wakafa na 42 wakaumia, kabla hata sahani moja haijauzwa. Stanley Ho, yule tajiri wa makasino ya Macau, akainunua na mwenzake wakaijenga upya, zaidi ya dola milioni 30 za Hong Kong, ikafunguliwa Oktoba 1976. Urefu wake ulikua karibu mita 76 na ilikua inaingiza watu 2,300 kwa pamoja. Malkia Elizabeth alifika, Tom Cruise alifika, inasemekana wageni zaidi ya milioni 30 wamepita hapo, na katika hao wote baba mdogo na mama mdogo wamo, kwangu mimi hao ndio wa kwanza.

Machi 2020 korona ikaifunga na haikufunguliwa tena. Hasara ilishapita dola milioni 100 za Hong Kong, wenyewe wakajaribu kuitoa bure kwa makampuni zaidi ya kumi hakuna aliyeitaka, maana kuitunza tu kila mwaka ni mamilioni, na serikali ikasema haitatia hela kuendesha mgahawa. Hesabu naielewa, mi mwenyewe mfanyabiashara. Lakini tarehe 14 Juni 2022 walipoifunga kamba wakaivuta kuitoa bandarini, watu wamejaa ufukweni wanapiga picha, niliangalia video nikasema hapana, hii haikutengenezwa kusafiri. Haina injini, chini ni bapa, juu imebeba ghorofa tatu zinazokamata upepo, na maisha yake yote imekaa maji ya kimya. Mtu yeyote aliyepanda jahazi Juni anajua. Siku nne baadae, karibu na visiwa vya Paracel kwenye Bahari ya Kusini ya China, bahari ikachafuka, maji yakaingia, kesho yake tarehe 19 ikapinduka. Kina cha pale kinazidi mita 1,000. Nashukuru hakuna aliyeumia. Afu ikaanza mivutano kwenye magazeti, mara imezama, mara kampuni inasema sisi tulisema imepinduka, na mi nilikua najiuliza tu nitamwambiaje mama mdogo.

Nilimpigia jioni. Akanyamaza, nasikia TV yake inaongea peke yake kwa nyuma, afu akauliza, "Na kile kiti, baba?"

Sikua na jibu, nikamwambia mama mdogo sijui. Akasema nitumie hiyo video. Nikamtumia ile inavyovutwa, ikiwa bado nzima, akaiweka status, na ilipoisha masaa yake akaiweka tena.