Pasha gari joto, usipashe paa

Fundi mwenzangu wa Kisoro anajenga banda la gereji, na ananiuliza anunue jiko la ukubwa gani la kulipasha joto. Asinunue jiko kwanza.

Huku Kabale, Uganda, tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai spana inauma vidole. Banda langu ni la mabati, futi 60 kwa 40, na mlango wake unapitisha lori. Hewa ya moto hupanda: ukiwasha moto humo, joto linakwenda kukaa kwenye kenchi huku wewe chini ya gari unatetemeka, na mlango ukifunguliwa, pesa yako imetoka nje.

Rafiki niliyesoma naye ufundi wa ndege Soroti sasa yuko kwenye hanga, yaani banda la ndege, huko Kanada. Wamening'iniza juu mabomba ya gesi yanayomulika joto kama jua, likatua kwenye sakafu, mabawa na vifaa. Mlango ukifunguliwa hewa inaondoka, lakini zege linabaki na joto lake. Wenye ndege ndogo wasiomudu hayo huliacha hanga na baridi yake, wakapasha injini peke yake, pua ikiwa imefunikwa blanketi. Lycoming, watengenezaji wa injini za ndege ndogo, wanataka injini zao nyingi zipashwe kabla ya kuwashwa baridi ikipita nyuzi 12 chini ya sifuri. Kabale haifiki huko kamwe, ila akili ndiyo hiyo hiyo.

Basi nilianza na nyufa: vipande vya tyubu kuukuu chini ya mlango na pembeni. Pesa kidogo, na upepo ukakatika. Kisha nikazungushia turubai nafasi ya gari moja, na juu yake dari ya chini. Ndani ya chumba hicho taa mbili za joto zinaelekezwa kwenye bodi yenyewe, maana rangi inashika kwenye chuma, na chuma kikiwa baridi haikauki vizuri.

Sigiri siruhusu, hata vijana wanung'unike vipi. Moshi wa makaa unaoua hauonekani wala haunuki, na ndani ya turubai mtu analala asiamke. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la kukagulia gari, unasubiri moto. Vijana hawa nimekabidhiwa na mama zao. Jiko la mafuta ya taa lisilo na bomba la kutolea moshi pia silitaki: lita moja ikiungua inatoa zaidi ya lita ya maji kama mvuke, unageuka matone kwenye mabati baridi na kudondokea rangi mbichi.

Na wewe wa Kisoro, kwa kuwa sakafu hujaimwaga, tandika nailoni nzito na foamu ngumu kwanza, hasa kandokando ya kuta, ili joto la sakafu lisipotelee ardhini. Zege likishakauka hutaweza tena kuziweka.