Daftari la mlinzi lilivyomaliza ubishi wa kodi

"Sisi hatuna ofisi Tanzania." Meneja wa kampuni ya Kituruki aliniambia hivyo mara tatu, tumekaa ndani ya kontena lenye kiyoyozi, meza mbili na printa, kiwandani Vingunguti, Dar es Salaam, walikokuwa wakifunga mashine za kusaga ngano.

Mimi ni mhasibu, nilikuwa namwandalia hesabu. Alishasikia kwamba kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, mradi wa kufunga mitambo, hata kuusimamia tu, ukifika miezi sita kampuni ya nje inahesabiwa kuwa na kituo cha kudumu cha biashara nchini, yaani kama ina ofisi hapa, na faida yake inatozwa kodi hapa. Mkataba wake uliandikwa miezi mitano, basi akajiona salama.

Nikaenda getini. "Shikamoo mzee." Mlinzi akanitolea daftari la wageni, jalada limelowa chai. Injinia wao wa kwanza alisaini 3 Machi, alipokuja kusimamia misingi ya zege. Ukurasa wa juzi, 19 Septemba, bado una saini zao.

Meneja akataka tutoe wiki tatu ambazo kipuri kilikwama bandarini. Nikakataa. Kusubiri kipuri si kuondoka; watu na vifaa vyao vilikuwa palepale. Maelezo ya OECD, shirika la kimataifa la uchumi linalotoa mwongozo wa kodi, nayo yanahesabu hivyo hivyo. Mkataba wa kodi kati ya nchi mbili wa kumwokoa hakuwa nao: tunayo na India, Zambia, Afrika Kusini na wengine wachache, Uturuki haimo.

"Lakini tumeshakatwa kodi ya zuio 15% kwenye malipo yetu!" Hapo ndipo nilipochukua kalamu, maana alikuwa anaogopa upande usio sahihi. Ile 15% inakatwa kwenye malipo yote, faida iwepo isiwepo. Mwenye kituo anatozwa 30% ya faida. Kwenye kila shilingi 100 anazolipwa, faida yake ilikuwa kama 20, kodi 6. Ongeza 10% ya zile 14 zinazorudi makao makuu, jumla 7.40, si 15. Na zuio lililokwishakatwa linapunguzwa humo.

Alinyamaza, akaniomba nirudie hesabu.

Tukaisajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, tukachukua TIN, namba ya mlipakodi. Kesho yake akaniletea risiti za miezi sita kwenye boksi la viatu. Zaidi ya nusu hazikuwa za EFD, mashine ya risiti inayotambuliwa na mamlaka ya kodi, kwa hiyo gharama zile hazikubaliki kupunguza faida; nikaziweka pembeni, na faida ikaanza kupanda.