Vile niliacha kuandikia kila kikohozi antibiotiki na wagonjwa hawakunihama

Mimi ni klinishen, kliniki ndogo huku Rhonda, Nakuru. Nikiingia mwenye kliniki aliniambia "mgonjwa asitoke mikono mitupu." Yaani mtoto ana kamasi tu, andika amoksilini. Mafua ni virusi na antibiotiki inaua bakteria, hakuna daktari hajui hiyo. Tunaandika juu foleni imefika nje na kubishana na mama kunakula muda kuliko kuandika.

Kwanza nilijaribu kufundisha. Nilijipanga na karatasi, nachora virusi, nachora bakteria, naongea kaa mwalimu wa bio, mama mmoja akasikiza mpaka mwisho akasema "sawa daktari, asante sana," alafu nikamwona kwa dirisha akivuka barabara kwenda kemisti, akatoka na ile dawa ya maji ya pinki, mia mbili na kitu hivi. Mchoro aliuacha kwa benchi. Mwenzangu alicheka wiki nzima, eti najiharibia jina. Huyo ndio huruka moja kwa moja kwa azithro (azithromisini, antibiotiki nyingine), na WHO wameiweka kwa kundi la kuchungwa, yaani zisitumiwe ovyo, tangu 2017.

Kilichonisaidia ni kuhesabu pumzi. Tulifunzwa chuo: kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, pumzi 50 kwa dakika ama zaidi ni za mbio, kutoka mwaka hadi kabla ya miaka 5 ni 40. Zikifika hapo, ama kifua kikibonyea ndani akivuta hewa, nashuku nimonia. Zamani nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, mama anaona tu daktari amekodolea mtoto macho. Siku hizi namwambia atoe simu yake aweke dakika moja, fungua shati, mtoto asiwe analia wala kunyonya, kifua kikipanda ni moja, na uhesabu kwa sauti! Kuna siku mlango ulikuwa wazi, shosho mmoja kwa benchi naye akaanza kuhesabu, wakapishana na mama, ikabidi turudie mwanzo. Tukapata 31, mtoto wa miaka 2.
"Tulisema mbio ni ngapi?"
"Arobaini."
"Sasa?"
"Aah, basi hana nimonia."
Alijijibu mwenyewe. Hakuenda kemisti, nilichungulia.

Nampa panado ya joto, asali kama mtoto amepita mwaka mmoja, na namwambia mapema kikohozi kinaweza kuenda ata wiki mbili, juu usiposema hiyo atarudi siku ya tatu amekasirika. Na usiku akihesabu ifike arobaini (hamsini kama mtoto hajafika mwaka), ama mtoto akatae kunyonya, aje ata saa nane, kuonwa tena ni bure. Hiyo ya bure bosi alinuna nayo sana, mpaka akaona wale wamama wanaleta na watoto wa majirani.

Wenye nimonia nawaandikia amoksilini ile ya kuyeyusha kwa maji, asubuhi na jioni, bila kusita. Ni wazee wa kutaka sindano ya homa ndio bado wananishinda, hao ukiwaambia wahesabu pumzi wanakuuliza daktari mkubwa anakuja saa ngapi.