Kadi ya Gigabaiti 128 Iliyokuwa na 8 Tumboni

Kabla hujaniambia kadi feki ya kuhifadhia picha za kamera utaijua kwa kuangalia pakiti: pakiti niliiangalia. Niliiangalia mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka kuisoma au kuinunua. Herufi zimenyooka, stika inameremeta ukiigeuza, hakuna neno lililokosewa. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hii haikutembezwa na mtu. Ilikuwa imekaa ndani ya kabati la kioo katikati ya Kampala, imetulia kama bi harusi. Nikalipa kama elfu arobaini hivi, nikapanda taksi ya kurudi Busia, na mpaka tunaupita msitu wa Mabira nilikuwa nimeshaitoa mara tatu kuitazama. Gigabaiti 128! Nilijiona nimewapiga bao wapiga picha wote wa mpakani, wa huku na wa upande wa Kenya.

Jumamosi nilikuwa na harusi. Kamera yangu ni Canon 700D, mkongwe wa mkono wa pili, tundu la kadi moja tu. Nilipiga kuanzia saluni asubuhi hadi watu wanakata keki, na kila nikibonyeza, picha inatokea kwenye skrini safi kabisa. Sikujua kwamba hiyo inayotokea papo hapo kamera inaitoa kwenye kumbukumbu yake yenyewe, si kwenye kadi.

Usiku nikafungua laptopu. Picha mia tatu na kidogo za kwanza ziko sawa. Inayofuata ina nusu ya juu ya shela la bi harusi, na nusu ya chini ni kijivu kama sakafu ya saruji. Baada ya hiyo, majina ya faili yapo, picha hazifunguki. Ukitaka kuelewa ukubwa wa msiba, sikiliza: nilibaki na picha arobaini za viatu vya bi harusi vikiwa dirishani saluni, na sikuwa na hata moja ya pete ikiingia kidoleni. Shangazi yake bibi harusi alinipigia Jumatatu. Hakupiga kelele, na hicho ndicho kilichoniumiza. Alisema tu, "Mwanangu, viatu tumeviona. Sasa tuonyeshe watu." Nilirudisha hela karibu zote, nikaahidi kupiga picha za ubatizo bure mtoto akizaliwa. Kilichookoa sherehe ni simu ya mpwa wangu niliyemleta abebe taa.

Huyo huyo mpwa ndiye aliyeniwekea programu inayoitwa H2testw. Ya bure, inafunguka kwa Kijerumani, usitishike, chagua Kiingereza pale pale kwenye dirisha lake. Inachofanya ni kuijaza kadi mpaka pomoni, kisha inasoma tena kila ilichoandika kuona kama kipo. Jibu la kadi yangu: gigabaiti 7 na kitu ni nzima, nyingine zote hewa. Ndani ya kila kadi kuna chipu inayoiambia kamera ina ukubwa gani, na matapeli wanaifundisha hiyo chipu kusema uongo. Kamera inaamini, laptopu inaamini, wewe ni nani usiamini? Kwa hiyo yule anayekwambia "iweke kwenye kompyuta uone kama inaonyesha 128" amekupoteza, maana uongo wenyewe unakaa hapo hapo. Na anayesema feki utaijua kwa bei aje azungumze na rafiki yangu aliyelipa mara mbili ya bei yangu akapata ndugu yake pacha.

Basi nikarudi Kampala na laptopu begani na rida mpya, kile kidude cha kuchomeka kadi kwenye kompyuta. Shemeji yangu wa Ntinda, ambaye hajawahi kumiliki kamera, alikuwa amenisisitizia nichukue iliyoandikwa V90, alama ya kasi, kwa sababu ina kasi kubwa sana. Duka la kwanza walinitolea moja kwa bei ya mbuzi wawili. Nikaigeuza: mgongoni ina safu mbili za vijino vya shaba. Hiyo safu ya pili ni ya UHS-II, njia ya kasi zaidi ya kupitishia data, na kamera yangu haina pa kuigusia. Ingefanya kazi ndiyo, lakini kwa mwendo wa UHS-I, njia iliyoitangulia, nami ningekuwa nimelipia barabara ambayo gari langu haliingii. Kwa kamera kama yangu V30 au U3 inatosha na kubaki. Alama hizo mbili zinaahidi kuandika megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka chini ya hapo. Ile namba kubwa ya kujidai iliyoandikwa katikati ya kadi mara nyingi ni ya kusoma, na wakati wa kupiga picha kamera haisomi, inaandika.

Sasa mbinu yangu, ambayo najivunia kuliko hata picha zangu. Nilikuwa namwambia muuzaji: kadi naitaka, hela hii hapa, lakini haiingii mfukoni mwako mpaka niijaze. Tumpe yule dada wa pesa za simu hapo mlangoni aishike. Kadi ikiwa nzima, anakupa wewe. Ikiwa feki, ananirudishia. Duka la kwanza wakacheka. La pili, kijana akaniambia, "Dada, hapa si maabara." La tatu walikumbuka ghafla kwamba kadi hizo zimeisha, wakati nilikuwa naziona. La nne alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, akanivutia kiti. "Binti, jaza hata mara mbili. Ila umeme wangu usiumalize."

Nikachomeka. Gigabaiti 64, V30. Programu ikaanza kuandika, namba ikasoma megabaiti 20 na kitu kwa sekunde, ikaganda hapo. Damu ikanipanda. Nikasimama na kumwambia yule mzee, mbele ya wateja watatu, kwamba hata yeye na kofia yake ni wale wale. Hakujibu. Alivaa miwani, akainama pembeni ya laptopu yangu, akaitazama kama daktari anayetazama sikio la mtoto. "Binti, umechomeka kwenye tundu jeusi. Lile la buluu umemwekea nani?"

Lile jeusi lilikuwa USB 2 ya zamani, haiwezi kwenda mbali na hapo hata ungeichomekea radi. Nikahamishia rida kwenye la buluu. Megabaiti 70 na ushee. Wale wateja watatu walikuwa bado wapo, bila shaka. Watu wa Kampala hawaondoki mahali penye burudani. Nikatoka kwenda kununua rolex mbili, yaani chapati zilizoviringishiwa mayai, mayai mawili mawili kila chapati, moja ya mzee na moja yangu, tukala huku kadi inajaa. Nusu saa hivi, kuandika na kusoma, ikamaliza bila kosa hata moja. Ilionyesha gigabaiti 59 na kitu, na hilo ni sawa, kompyuta inahesabu gigabaiti kwa kipimo kikubwa kuliko cha kiwandani. Nikachukua mbili za 64 badala ya 128 moja, ili moja ikifa nibaki na nusu ya harusi. Ya pili nayo niliijaza. Mzee alikuwa ameshaanza kusinzia.

Dada wa pesa za simu alitaka elfu mbili za kulinda amana. Nilimpa. Nikifika nyumbani kadi mpya naifomati, yaani naifuta na kuiandaa upya, ndani ya kamera yenyewe, si kwenye laptopu, na nikishika harusi nabadilisha kadi kabla ya kiapo hata kama ya kwanza bado ina nafasi.

Ile ya 128 sikuitupa. Nimeiandika kwa kalamu ya wino mwekundu "8", nikaijazia kwaya na taarabu gigabaiti 4, nikaichomeka kwenye redio ya mama yenye tundu la kadi. Inaimba vizuri sana. Mama anawaambia majirani kwamba binti yake amemnunulia kitu cha gharama kutoka Kampala.